Fundo la Makuti na Fundo la Stima

Siku moja naikumbuka kwanza kwa harufu yake, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa kitu kingine chochote. Ilikuwa Idi ya kufungua mfungo, alasiri, hapa hapa Kinondo kwa Bibi, na harufu yenyewe haikuwa ya udi wala ya pilau. Ilikuwa ya plastiki inayoungua polepole. Niliijua harufu ile. Niliijua tangu siku mbili nyuma, na sikumwambia mtu.

Nakuandikia katika daftari hili nikiwa kidato cha tatu, na wewe hujazaliwa bado. Hata baba yako simjui ni nani, na usije ukamwambia Bibi kwamba nimeandika hivyo. Najua nasaha ni za watu wenye mvi. Lakini ni Bibi mwenyewe aliyeniambia, "Andika kabla hujasahau, Mishi, maana mtu akishazeeka husahau kwamba aliwahi kuwa mjinga." Basi naandika. Siku utakapolisoma daftari hili nitakuwa mama mtu mzima mwenye kukukemea, na pengine utadhani nilizaliwa na akili zangu zote. Hapana, mwanangu. Nyingine nimezipata huku naungua.

Bibi Mwanasiti, mama yake mama yangu, ni mshona makuti. Ukipita Diani ukaona mabanda ya hoteli yameezekwa makuti yaliyolala sawasawa kama nywele zilizochanwa, ujue baadhi yake yamepita mikononi mwake. Majani ya mnazi huyaloweka katika pipa lililokatwa nusu, pale nyuma ya jiko, mpaka yalainike. Kisha huyakunja jani kwa jani juu ya ufito na kuyashona kwa kamba. Mimi amenifunza tangu nina miaka saba, na jambo la kwanza kunifunza halikuwa kushona bali kuficha fundo. Kamba ikiisha, unafunga fundo lako, halafu unalipenyeza nyuma ya jani lisionekane.

"Fundo likionekana," husema Bibi, "hata mvua italiona."

Katika jambo hilo nilikuwa hodari, na sisemi kwa kujigamba. Mafundo yangu ungeyatafuta usiyapate. Labda ni kwa sababu kujificha kwenyewe nilikuwa nakuweza. Wageni wakija nilikuwa nakimbilia jikoni kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nilikuwa natazama dawati. Bibi alikuwa akisema naamkia watu kama mtu anayeiba shikamoo.

Watu husema kinyozi hajinyoi, lakini Bibi yangu alijinyoa vizuri. Nyumba yake ina kuta za mawe na paa la makuti aliyoyashona mwenyewe, na mbele kuna baraza ambalo upenu wake uko chini hivi kwamba mtu mrefu huinama. Mwaka ule, pembeni mwa baraza, alikuwa amepanga fungu la makuti mapya, refu kunishinda mimi, kazi yake ya miezi mitatu. Mjenzi mmoja wa Galu alikuwa amesema atayafuata baada ya Idi. Stima nyumbani ilikuwa bado ngeni. Tulikuwa na balbu chache, na soketi moja tu, katika chumba cha mbele.

Sasa, kaka yangu Athumani alikuwa akifanya kazi ya bustani katika hoteli moja huko Diani. Kumi la mwisho la Ramadhani akatokea na gunia begani, nyaya zimening'inia nje kama matumbo ya samaki.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeacha bustani umekuwa mvuvi? Wavu gani huo?"

"Taa, Bibi. Taa za krismasi. Hotelini wamenunua mpya, wakasema hizi zitupwe. Nami nikasema, zitupwe kwetu."

Jirani yetu Mama Kavata alikuwa amekuja kurudisha kinu. Yeye ni mtu wa Ukambani, ameuza mboga Kinondo miaka mingi hata samaki anamchagua kwa kumwangalia jicho. Akacheka mpaka kinu kikamponyoka.

"Haki ya Mungu! Mnataka kuwasha krismasi siku ya Idi? Basi mimi Disemba nitachinja mbuzi wa Idi!"

"Chinja tu, mradi utualike," Bibi akamjibu. "Taa haina dini, Mama Kavata. Mbona mwezi watumulikia sote?"

Athumani akanitupia gunia. "Mishi ndiye fundi. Ana mkono mwepesi huyo." Akarudi zake kazini, na mimi nikabaki na gunia na furaha ambayo siwezi kuieleza. Mtu asiyejua kusema mbele ya watu, ukimpa taa, ni kama umempa ulimi.

Kulikuwa na mikufu minne ya taa. Miwili ilikuwa mizima. Wa tatu ulikuwa unawaka nusu, na wa nne ulikuwa umekatwa katikati, nadhani na mkasi wa bustani. Mwenye akili angeitupa ile miwili. Mimi nilikata vipande vibovu kwa kisu cha jikoni, nikamenya waya kwa meno, nikasokota ncha kwa ncha, na kuzizungushia selotepu ile ya kufungia vitabu vya shule. Nikaunganisha mkufu na mkufu mpaka nikapata mmoja mrefu wa kuzunguka baraza lote. Kisha nikafanya lile nililofunzwa. Nikapanda juu ya kinu, nikapenyeza waya katika makuti ya upenu, na kila penye kiungo changu cha selotepu nikakisukuma ndani, nyuma ya jani, kisionekane. Kiungo kikubwa kuliko vyote kiliangukia juu kabisa ya lile fungu la makuti mapya. Waya uliobaki niliupitisha dirishani, mpaka kwenye ekstensheni niliyoilaza chini ya mkeka. Nikarudi nyuma, nikatazama, sikuona fundo hata moja. Nikajisifu.

Mwanangu, kosa hilo asingelifanya mtoto wa seremala wala wa mvuvi. Ni kosa la mtoto wa mshona makuti.

Kabla ya adhana ya magharibi nikachomeka plagi. Nyekundu, kijani, buluu, manjano! Upenu wote ukawa unachekacheka. Wanaume waliokuwa wakielekea msikitini na tende zao mkononi walisimama. Bibi akatoka na mkongojo wake, maana goti lake la kulia ni bovu, akazitazama taa kutoka pembe hadi pembe.

"Umenifanyia nyumba kama bibi harusi," akasema mwisho. Kisha, kama anavyokagua kazi siku zote, "Mafundo yako wapi?"

"Nimeyaficha, Bibi."

"Ndiye mjukuu wangu."

Jioni ile jina langu lilizunguka mtaa mzima bila mimi kutoka nje. Nani amepamba? Mishi. Mishi yupi? Yule wa Bibi Mwanasiti, asiyesema. Kesho yake wanawake watatu walikuja kuuliza nimefanyaje, na mimi, nikitazama vidole vya miguu yangu, nikawaeleza. Wakaenda kufanya vivyo hivyo kwao, kwa taa zao. Mmoja alikuwa Bi Rehema, mwenye mtoto mchanga. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku ya pili nilipokwenda kuzima taa, plagi ilikuwa ya moto. Si ya moto wa kuunguza, bali kama muhogo uliotoka jikoni ukapoa kidogo. Na palikuwa na harufu, ndogo, ya plastiki.

Bibi alikuwa kwenye mkeka na tasbihi yake. Akainua pua. "Nini kinanuka, Mishi?"

"Labda jirani wanachoma taka, Bibi."

Nilikuwa nimefunga siku ile kutwa nzima, na nikaifuturu saumu yangu kwa uongo. Sitakuficha kwa nini. Kama ningesema plagi ina moto, taa zingeteremshwa, nami ningerudi kuwa yule asiyesema. Basi nikanyamaza. Nikajiambia Idi imebaki siku mbili, itapita tu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi niliyaona mawingu nikayaita moshi wa jirani.

Idi ikafika. Asubuhi walikuja wageni kutoka Kikoneni, mjomba wangu Bakari na mkewe na watoto wao, pamoja na gunia la mihogo na kuku wawili waliofungwa miguu. Watoto hawakuwa wamewahi kuona taa kama zile, basi nikaziwasha mchana, zikaachwa hivyo hivyo zikiwaka juani. Mke wa mjomba akachomeka pasi katika ekstensheni ile ile kunyoosha kanzu za wanawe. Nikamsikia akisema, "Mbona hapa pana moto hivi?" huku akipapasa mkeka. Mimi nilikuwa karibu, nimeshika sinia la vikombe. Sikujibu. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Baada ya pilau, mjomba na mkewe wakatoka na watoto wadogo kwenda kuamkia jamaa. Vijana kama ilivyo desturi wakajipanga kwenda ufuoni Diani, kila mtu na nguo yake mpya. Bibi akaingia chumbani kulaza goti lake. Saumu, binti ya mjomba, akanishika mkono.

"Twende. Leo hujifichi, Mishi. Dera lote hilo ulivalie jiko?"

Nikatoka nao. Tulifika barabarani, penye kibanda cha Mama Kavata, naye akatuita, "Idi njema, warembo! Mishi, taa zenu hata mchana hazipumziki? Zitachoka hizo!"

Neno lile lilinisimamisha. Taa zinawaka. Plagi ina moto. Bibi amelala peke yake chini ya makuti, na goti lake.

"Nimesahau kitu," nikamwambia Saumu.

"Kitu gani?"

Nikageuka, nikakunja dera langu jipya mkononi, nikakimbia.

Niliinusa kabla sijafika. Kisha nikauona moshi, uzi mwembamba tu, ukitoka kwenye upenu pale pale nilipoficha kiungo kikubwa. Na nilipokuwa natazama, ulimi wa moto ukachungulia nje ya jani, mdogo kama wa koroboi. Kipande cha jani kikakatika, chenye ncha nyekundu, kikaangukia juu ya fungu la makuti mapya.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kweli haikutoka, mwanangu, nilikuwa sijazoea kuitumia. Nikajaribu tena, na safari hii kikatoka kitu ambacho sikukijua kuwa ni changu.

"Bibi! Moto! Bibi, toka, moto!"

Nikakimbia nyuma ya jiko, nikachota ndoo ya maji katika pipa la kulowekea, nikarudi, nikainua ndoo ili niirushe. Bibi alikuwa amesimama mlangoni bila ushungi, mkono mmoja umeshika fremu.

"Weka! Weka chini ndoo! Zima stima kwanza, mtoto wewe! Maji na stima hawaoani!"

Nikaiweka. Nikapita ubavuni mwake hadi nyuma ya mlango, penye mita, nikavuta swichi kubwa chini. Taa zote zikafa. Bibi alikuwa tayari ameshika upembo, ule mti mrefu wenye kulabu anaoangulia mapera. Sijui goti lilikwenda wapi. Aliukita upembo katika kuti linalowaka, akavuta mara moja kama mtu anayeng'oa jino, na kuti likaja na ufito wake na waya wangu, likaanguka mchangani.

"Sasa mwaga!"

Nikamwaga. Nikachota tena, nikamwaga upenuni, nikachota tena. Kufikia hapo Saumu na wenzake walikuwa wamerudi mbio, na Mama Kavata nyuma yao na sufuria la maji alilokuwa anaoshea mchicha, na majani yake yamo bado. Vijana waliburura lile fungu la makuti mpaka uwanjani, na nguo zao mpya zikawa nyeusi. Makuti kumi na kitu ya juu yalikuwa yameungua, mengine yakapona.

Halafu moto ukazimika. Upenuni palibaki tundu kubwa kama ungo, na mbingu inaonekana ukiwa umekaa barazani. Hakuna aliyeumia.

Mama Kavata akajikalisha chini, sufuria tupu mapajani, akinitazama kama mtu mpya.

"Mishi! Hiyo sauti ulikuwa unaiweka wapi miaka yote hii? Nimeisikia mpaka barabarani nikadhani wanasiasa wameanza kampeni!"

Watu wakacheka, hata Bibi. Mimi nikalia.

Walipoondoka, Bibi hakunipigia kelele. Laiti angepiga. Alikaa kwenye mkeka wenye unyevu, akalichukua lile kuti lililoungua, akalifunua jani kwa jani kwa vidole vyake vya kazi, mpaka akakipata kiungo changu. Nyaya mbili zilikuwa zimeshikana, nyeusi, na selotepu imeyeyuka imekuwa kama ulimbo.

"Fundo zuri," akasema. "Hata mimi sikuliona." Akakiweka baina yetu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi, Bibi. Plagi ilikuwa na moto."

Kuku wa Kikoneni wakawa wanalia jikoni, Idi imepita hawajachinjwa.

"Mimi nami nina kosa langu," akasema. "Nilikusifu kwa jambo nisilolijua. Nimezoea makuti, nikadhani kila fundo ni sawa na fundo. La makuti, lifiche. La stima, kumbe, liache mtu alione. Lakini mimi sikujua, Mishi. Wewe ulijua." Akavuta pumzi. "Taa hazikunikosea. Waya haukunikosea. Ulinikosea wewe uliponiambia ni jirani anachoma taka. Nyumba ningeezeka tena, mikono ninayo. Lakini nikae vipi na mjukuu, pua yangu ikiniambia moto naye ananiambia taka?"

Nilikiokota kile kiungo, kikanipaka masizi vidoleni.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Na mficha moto je?"

"Moshi, Bibi," nikasema. "Moshi humuumbua."

"Haya. Hilo umejifunza kwa kuti, si kwa mtu. Sema alhamdulillahi." Nikasema. "Adhabu yako ni mbili. Makuti yaliyoungua utayashona wewe. Na sasa hivi, kabla jua halijazama, utakwenda kwa wale wanawake watatu uliowafunza, uwaambie kwa mdomo wako."

Kushona hakukunitisha. Ni hiyo ya pili, mwanangu. Nilimwomba nimtume Saumu. Akasema, "Saumu hakuficha fundo." Basi nikaenda, na dera langu limenuka moshi. Nyumba ya kwanza nilikwama kwenye shikamoo, nikaanza upya mara tatu, mpaka mwenye nyumba akaniletea maji. Ya pili nilisema vizuri kidogo. Ya tatu ilikuwa ya Bi Rehema. Nilimkuta ananyonyesha, taa zinawaka juu ya pazia la chumba cha mtoto, na ekstensheni iko chini ya godoro ili isikanyagwe. Nikainama nikaigusa plagi.

Ilikuwa na moto kuliko yangu.

"Bi Rehema, zima," nikasema. Sikutazama vidole vyangu. "Zima sasa hivi. Nitakueleza baadaye."

Akazima. Akamkumbatia mtoto wake na kunitazama, kisha akaingiza mkono chini ya godoro, akautoa haraka. Hakunilaumu hata neno. Alinipa kipande cha halua ndani ya karatasi nipeleke kwa Bibi, nami nililia tena njiani, lakini kilio hicho cha pili kilikuwa na utamu wake.

Kesho yake Athumani alikuja, akaona tundu, akavua kofia kama aliyeingia msibani. Alimleta Fundi Mwachiro, mzee anayefanya kazi za stima Kinondo na Bongwe. Fundi akakishika kiungo changu juu dhidi ya mwanga.

"Nani daktari wa upasuaji huu?"

"Mimi, Fundi."

"Selotepu ni ya kufunga daftari, binti yangu. Stima ukiifunga kwa selotepu inakucheka, halafu inatoka." Akamgeukia Athumani. "Na wewe, taa hizi zilikuwa za ndani, za kuwekwa mahali pakavu. Umezileta kwenye upepo wa chumvi. Chumvi ya hapa inakula hata kufuli la msikiti, itaacha waya wa nywele kama huu?" Akatueleza yote kwa utaratibu, nami safari hii nikauliza maswali. Manne. Nilihesabu.

Likizo yote iliyobaki nilishona makuti. Yale ya mjenzi wa Galu tuliyamaliza kabla hajaja, na tundu la upenu tukaliziba. Lakini makuti mapya hayafanani na ya zamani, na ukisimama pale uwanjani utaliona bado lile doa la rangi ya asali. Bibi alinikataza nisilipake moshi lifanane na mengine. "Liache," akasema. "Hilo nalo ni fundo."

Na mwaka huu, Ramadhani ilipokaribia kwisha, nilidhani hakuna atakayetaja taa tena. Bibi mwenyewe akauliza, "Mishi, mbona nyumba yangu yakaa kama mjane?" Athumani akanunua mkufu mmoja, mpya, wa kutumika nje. Tulisimamisha boriti mbili uwanjani, mbali na paa, tukafunga kamba, na taa zikalala kwenye kamba hiyo. Fundi Mwachiro akapita, akaangalia, akasema, "Hapa sina kazi," akanywa chai yake akaenda. Mama Kavata alileta viazi vitamu akakaa chini ya taa zetu akisema krismasi imewahi tena. Bibi alikaa katikati yetu. Wageni wa Kikoneni walipofika, mimi ndiye niliyetoka kuwapokea.

Sasa nikuambie waziwazi, mwanangu, maana hadithi bila neno lake ni kama kuti bila ufito. Pamba nyumba yako, Idi, Maulidi, krismasi ya jirani, arusi ya ndugu yako. Furaha si dhambi na mwanga si adui. Lakini kabla hujatundika taa, upitishe waya wote mikononi mwako mchana, na ukiona umechubuka, umeliwa na panya, au umeungwa na mtu kama mama yako, utupe usiuhurumie. Taa ya ndani ikae ndani. Usiilaze juu ya makuti, wala leso, wala pazia, wala kitu chochote kikavu kinachopenda moto. Ekstensheni usiifiche chini ya mkeka au godoro kama mtu anayeficha halua, na usiitwike taa na pasi kwa pamoja. Punda mmoja habebi mizigo ya watu wawili. Ukitoka nyumbani, zima. Ukilala, zima. Jua swichi kubwa iko wapi, na uijue kabla ya siku utakayoihitaji, na ukumbuke sauti ya Bibi mlangoni: stima kwanza, maji baadaye.

Na zaidi ya yote hayo, gusa plagi. Ikiwa na moto, ikinuka, hata kama ni wewe uliyeifunga, hata kama watu wote wanakusifu na wewe una haya kama mama yako, sema. Sema ukikwama, sema ukitetemeka, sema ukitazama vidole vya miguu, lakini sema siku ile ile. Nilikaa siku mbili na neno moja mdomoni, na lilikaribia kumchoma mtu ninayempenda kuliko wote.

Mola akupe nyumba yenye mwanga, na ndani yake watu unaoweza kuwaambia ukweli. Akupe pua ya Bibi yako mkuu na mkono wake. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, akupe miguu ya kurudi mbio kabla jani halijaanguka. Ukikua, simama pale uwanjani utazame upenu. Lile doa la rangi ya asali ni la mama yako, na wala sioni haya tena kulionyesha.